Kwangua Kwanza, Ndipo Upime

Vijana watatu mliobaki kwenye mtaa wa masonara mmeniomba niwaandikie ninayoyajua kabla hayajaniponyoka. Najua mmeomba kwa adabu tu, kama mtu anavyomkaribisha mpita njia chakula huku moyoni akiomba apite. Bahati mbaya mimi nikikaribishwa hukaa.

Nilipoingia mtaani, vibanda vya masonara vilikuwa kumi na kimoja. Nilivihesabu asubuhi, jioni nikavihesabu tena, vikawa kumi na kimoja vilevile. Leo ni vitatu, na kimoja kati ya hivyo kinauza makava ya simu mbele na dhahabu nyuma. Sonara hana barua ya kustaafu wala keki. Anastaafu siku anapounganisha pete na ncha ya kidole chake mwenyewe, akaanza kunusa nyama. Mimi nilinusa mwezi wa Shaabani uliopita. Nikazima moto, nikaketi kumsubiri mteja ili nimwambie kwamba nimeacha. Hakuja mtu siku nne.

Basi tuanze mwanzo.

Kabla ya dhahabu nilikuwa Urambo, kwenye banda la tumbaku, kazi yangu kupanga majani kwa rangi. Watu hudhani tumbaku ni kahawia basi. Kuna ya limau, kuna ya chungwa, kuna ya udongo wa mfinyanzi, na ukiweka jani la chungwa kwenye fungu la limau mnunuzi analitupilia mbali fungu zima. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na macho makali. Kifua ndicho kilichokataa, lile vumbi lilinikohoza mpaka nikapanda treni kurudi Tabora, nikafika kwa Fundi Hamadi, aliyekuwa rafiki wa marehemu baba.

Fundi Hamadi alikuwa mtu mfupi mwenye kofia nyeupe ya kudarizi isiyowahi kuonekana chafu, sijui alifanyaje, mimi yangu ilikuwa na masizi saa tatu asubuhi. Baba zake waliingia mji huu pamoja na misafara, wao wakabaki, misafara ikaendelea na safari ya Ujiji. Hakuniuliza nimesoma mpaka wapi. Aliweka nyaya tatu fupi juu ya kitambaa cheusi.

"Shikamoo nimeshaisikia," akasema. "Sasa niambie hizi ni rangi ngapi."

"Tatu, fundi."

"Wateja wote husema moja. Ipi ina shaba?"

Nikaonyesha ule uliokuwa na wekundu kidogo, kama shavu la mtu aliyetoka jikoni.

"Ipi ina fedha?"

Nikaonyesha ule uliopauka, uliokaribia ukijani.

"Macho unayo," akasema. "Tutaona kama una akili. Chukua ufagio."

Nilifagia miezi mitano. Mavumbi ya kibanda cha sonara hayatupwi, yanawekwa kwenye debe, yanachomwa, na chembe za dhahabu zinarudi. Nyinyi siku hizi mnafagia mpaka barabarani. Nimewaona.

Baadaye ndipo akanifundisha rangi. Dhahabu tupu ni laini, ukiivaa ukafua nguo nayo unarudi na umbo jingine. Kwa hiyo inachanganywa. Ukitia fedha inapauka. Ukitia shaba inakuwa nyekundu, na ukizidisha shaba inakolea kama tofali la Itetemia. Ukitia zote mbili kwa kiasi unapata njano ambayo watu wengi huiita dhahabu yenyewe. Yeye alisema dhahabu haina rangi yake, ina rangi ya wale ilioandamana nao.

Halafu kulikuwa na kupika rangi. Hili hamkulikuta, sikilizeni vizuri. Unachukua kitu cha dhahabu nyekundu, yaani yenye shaba nyingi, unakitumbukiza kwenye chungu chenye chumvi, shabu ile ya kusafishia maji, na shura ile ya baruti, vinavyochemka. Unakitoa, unakisuuza, unakipasha moto, unakirudisha. Ile shaba ya juu inaliwa, dhahabu inabaki juu peke yake kama utando wa maziwa. Nje njano safi, ndani wekundu uleule. Mtu akikihifadhi, akavaa Idi na harusini tu, ile njano itamzika.

"Huu si wizi, fundi?" nilimuuliza.

"Ukimwambia mwenyewe, si wizi. Usipomwambia, ni wizi."

"Na yule atakayekuja kuonyeshwa na mwenyewe?"

"Huyo hakuja kibandani kwangu."

Nakumbuka bangili mbili za mwanzo kabisa nilizopika. Mwenyewe alikuwa bibi harusi, alikuja na buibui, akakaa nyuma ya pazia, akapitisha mkono tu ili upimwe. Mkono mdogo, nilidhani ni wa mtoto. Nilimaliza chungu cha kwanza, Fundi Hamadi akasema rudia. Nikamaliza cha pili, akasema rudia. Mara tatu.

"Huyu kwa nini tatu?"

"Anaolewa na watu wenye maneno," akasema, akaendelea na tupa yake.

Baada ya hapo nilipika rangi nyingi mno. Sikuzihesabu. Katika maisha yangu yote hicho ndicho kitu pekee ambacho sikukihesabu hata mara moja, na nyinyi mnajua mimi huhesabu hata ngazi za msikiti kila Ijumaa.

Kanuni zake zilikuwa tatu. Ya kwanza, mwenye mali aone moto. Usiyeyushe dhahabu ya mtu akiwa hayupo, mkalishe kwenye kigoda, aone inavyoingia na aone inavyotoka. Ya pili, pima mara mbili, kabla na baada, na mzani umwelekee yeye. Ya tatu, kwangua kwanza, ndipo upime. Maana yake usikisugue kitu kwenye lile jiwe jeusi la kupimia kikiwa na ngozi yake. Kikwangue kwa ndani kwa tupa mpaka ufikie nyama, halafu usugue, utie tone la asidi, uangalie mstari. Ukisugua ngozi, jiwe litakusomea ngozi.

Alipofariki aliniachia jiwe, mizani na kibanda. Kanuni nilikuwa nazo tayari. Mbili nilizishika mpaka mwisho.

Miaka ya kati ilikuwa mizuri, siwezi kuikana. Msimu wa tumbaku ukilipa, watu walishuka na treni kutoka Urambo na baiskeli kutoka Sikonge, wengine na ndoo ya asali begani wakitaka niipokee badala ya fedha. Nilikuwa naipokea. Mteja wa kuchagua rangi humwulizi anapenda nini, kwa sababu hajui. Unamtoa nje kwenye mwanga wa asubuhi, unamwekea tatu juu ya mkono, unanyamaza. Mkono wenyewe unachagua. Ngozi nyeusi sana hupendeza na wekundu, na ni hao hao wanaoukataa kwa sababu shangazi zao walisema nyekundu ni shaba.

Alikuja mfugaji mmoja wa Ziba, kauza ng'ombe, anamtafutia mkewe.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka. Unataka rangi gani?"

"Ile inayoonekana kutoka mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Kwa jirani."

Nikampa njano. Tulibishana bei kuanzia saa nne hadi adhana ya adhuhuri, aliondoka akinitukana kwa Kisukuma na mimi nikimtukana kwa Kinyamwezi, tukawa marafiki. Hivyo ndivyo biashara ilivyokuwa.

Kisha simu zikaleta dhahabu nyeupe. Nayo ni dhahabu ileile, imetiwa madini ya kuipausha, halafu ikapakwa utando mweupe juu. Utando ukichakaa, inabaki rangi ya jino la mvuta kiko. Hapa Tabora hakuna wa kuupaka upya, mpaka Dar es Salaam. Isitoshe kuna ile yenye nikeli inayowasha, nesi mmoja aliivaa wiki mbili kidole kikamvimba kama muhogo. Kwa hiyo kila aliyenijia na nyeupe nilibishana naye mpaka akaiacha. Nilijivunia hilo. Nilikuwa hodari wa maneno kuliko wa nyundo.

Na sasa nifike kwa wale wanawake wanne. Majina nimeyabadilisha yote. Langu halikuhitaji, lilikwisha kuchafuka.

Wa kwanza ni Salha, bibi harusi mtarajiwa. Wa pili ni mama yake, Mama Salha, mwanamke wa sauti, ana duka la vitambaa. Wa tatu ni Bi Mwajuma, bibi yake Salha kwa upande wa mama, mjane, mdogo wa umbo, mkimya. Wa nne alikuwa shangazi wa bwana harusi, aliyeletwa kama mtu wa upande wa pili, kushuhudia. Walikuja na bangili mbili nene za Bi Mwajuma, za harusi yake mwenyewe, za njano ambayo sijaiona tena. Hazikupita kwenye mkono wa Salha, zilikwama kwenye vifundo vya vidole. Walitaka ziyeyushwe zitoke sita nyembamba.

Salha akanionyesha simu.

"Babu, mimi nataka zitoke hivi."

"Hii ni sufuria."

"Ni dhahabu nyeupe!"

"Ndiyo nasema hivyo. Unatoa dhahabu ya bibi yako, unaigharimia, ili ifanane na sufuria. Sufuria zipo pale sokoni, tena zina mifuniko."

Yule shangazi akacheka mpaka akashika mtandio. Mama Salha akasema, "Mwambie, fundi, mimi kanishinda."

Ndipo Bi Mwajuma akasema, mara yake ya kwanza, "Mwacheni mtoto na nyeupe yake. Zikate, fundi, utie bawaba zimwenee, halafu zipakwe nyeupe juu. Usiyeyushe."

Vijana, hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Mwenye mali alikuwa amesema. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kushinda, na mtu anayeshinda hasikii. Nilizishika zile bangili nikaziinua kwenye mwanga.

"Bi Mwajuma," nikasema, "nakuheshimu kama dada yangu mkubwa, lakini kuipaka nyeupe njano hii ni dhambi. Njano hii haichanganywi tena. Wanaoijua wamekufa. Nikiyeyusha, Salha atavaa njano yako ileile, na wajukuu zake wataivaa."

"Naogopa moto," akasema.

"Moto hauibi dhahabu, bibi. Moto unaisafisha."

Nilizungumza kama saa nzima. Salha akalainika, akasema sawa, njano. Mama yake akapiga vigelegele kidogo. Bi Mwajuma akashusha macho, akaiweka mikono yake juu ya mapaja. Niliiona ile mikono. Midogo, nilidhani ni ya mtoto. Sikukumbuka kitu.

Nikawakalisha kwenye vigoda, wote wanne, waone moto. Nikapima, nikapima tena, mzani ukiwaelekea. Mkono wangu uliniambia ni nyepesi kidogo kwa unene ule, nikajibu kwamba lazima zina tundu ndani. Nikazisugua kwenye jiwe, nikatia tone. Mstari ukabaki, njano, safi.

Sikukwangua. Zilikuwa nzuri mno, sikutaka kuzitia jeraha, ingawa dakika kumi baadaye nilikuwa naziyeyusha. Nimelifikiria hilo kwa miaka na bado sijalipatia jibu. Mtu anaogopa kukwaruza kitu ambacho yuko njiani kukiangamiza.

Dhahabu ikiwa kwenye moto haina rangi, inang'aa tu kama jua. Nikamimina kwenye kalibu, ikaganda, ikawa nyeusi. Hilo ni kawaida, nikawaambia wasiogope. Nikaitupa kwenye maji ya asidi kuiondolea weusi, nikaihesabia mpaka hamsini, nikaitoa kwa koleo.

Nyekundu. Nyekundu kama tofali.

Nikairudisha kwenye asidi, nikahesabu hamsini tena, kana kwamba kuhesabu kungesaidia. Ikatoka nyekundu.

"Hiyo ni nini?" akauliza Mama Salha.

"Ni... ngojeni tupime." Nikapima. Uzito uleule, hakuna kilichopungua. Nikausogeza mzani kwao.

"Sijakuuliza uzito," akasema. "Nimekuuliza rangi. Nimekuletea njano, unanipa shaba?"

Shangazi wa bwana harusi akavuta kigoda nyuma. "Kumbe Tabora dhahabu inaota kutu," akasema. "Ama zilikuwa hivi tangu mwanzo, jamani? Tuelezane mapema, sisi ni watu wa kuulizwa huko kwetu."

Na hapo niliona lililokuwa likipimwa kibandani. Kulikuwa na mambo mawili tu yanayowezekana. Ama bangili za Bi Mwajuma zilikuwa za shaba tangu harusi yake, na ukoo mzima umejivunia ngozi tupu mbele ya wakwe kwa miaka yote hiyo, ama sonara ni mwizi. Nikamtazama Bi Mwajuma. Alikuwa ameikunja ile mikono ndani ya khanga, haionekani. Ndipo nikaukumbuka ule mkono uliopita kwenye pazia. Chungu mara tatu. Watu wenye maneno.

Ningeweza kusema. Neno moja, rangi ilipikwa, tena niliipika mimi. Lakini ushahidi wangu ulikuwa ndani ya kalibu, umeyeyuka, kwa mkono wangu. Kama ningekwangua, ningeuona wekundu peke yangu, ningefunga kitambaa, ningewaambia kigae cha kuyeyushia kimepasuka, rudini kesho. Ningemwita bibi pembeni.

"Fundi kazibadilisha," akasema Mama Salha. "Mikono ya masonara ina mifuko."

"Mbele ya macho yenu manne?"

"Manane," akasema yule shangazi. Alihesabu vizuri kuliko mimi.

Jambo likafika kwa mwenyekiti wa mtaa. Hakuwa mtu mbaya. Alitusikiliza chini ya bati la ofisi yake, akakuna kichwa, akasema hajui dhahabu lakini anajua njano na anajua nyekundu. Akanipa siku tatu niirudishe ile njano, la sivyo nijieleze mbele zaidi.

Siku ya pili, watu wametoka kusali alfajiri, nimefungua mlango mmoja wa kibanda, Bi Mwajuma akaingia peke yake. Akaketi kwenye kigoda kilekile.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ulikuwa yule kijana aliyekuwa anapuliza moto."

"Ndiyo mimi."

"Sikukufahamu mpaka ulipoitoa nyekundu. Uso wako ulikunjamana vilevile kama zamani, nilipokuchungulia nyuma ya pazia moshi ukikuingia machoni." Akakunja pindo la khanga. "Baba hakuwa na kitu, fundi. Alikuwa mchukuzi pale stesheni. Wakwe zangu walikuwa na nyumba mbili. Alimwambia mwalimu wako, nitilie dhahabu kiasi cha uwezo wangu, halafu unitilie heshima. Ndivyo alivyosema. Mume wangu amekufa hajui. Mama mkwe alizishika kila Idi akaniita binti wa watu."

"Mimi wananiita mwizi, bibi."

"Najua."

"Nina miaka arobaini kwenye mtaa huu. Nimeihesabu mara mbili."

"Najua. Sikuja kukuambia unyamaze. Ukisema, umesema kweli. Nimekuja tu uniambie utasema lini, ili siku hiyo nisiwepo nyumbani."

Angelia, ningeweza kumkatalia. Angeniahidi kitu, tungepatana, mimi ni mtu wa kupatana. Hakuleta bei yoyote. Alikaa pale na mikono midogo ile, akingoja tarehe, na mimi sikuwa na la kupunguza wala kuongeza.

"Nenda nyumbani, bibi," nikasema. "Njano itarudi."

Nikavuta waya kutoka kwenye ule wekundu, nikatengeneza bangili sita nyembamba. Nikatoa chungu cha Fundi Hamadi, ambacho kilikuwa kimegeuka cha kuwekea misumari. Shabu niliipata sokoni, shura niliitafuta nusu siku. Nikapika mara moja, mara mbili, mara tatu. Mikono ilikuwa inajua kuliko mimi. Kabla ya chungu cha mwisho nilizishika moja moja, kwa ndani, pale panapogusa mshipa, nikapiga nukta mbili kwa msumari wa kutilia alama. Wala sikujua namwandikia nani.

Siku ya tatu nikazipeleka kwa mwenyekiti. Njano. Ileile. Mama Salha akazichukua, akazigeuza kwenye jua, akapumua. Halafu akanigeukia.

"Kwa hiyo uliificha wapi?"

Nilikuwa sijalifikiria hilo. Nilihesabu kila kitu, hilo sikulihesabu. Kwao, kuirudisha njano ndiko kukiri kwamba niliichukua. Kama ningeshikilia wekundu wangu, wengine wangebaki na shaka. Niliporudisha rangi, shaka iliisha.

"Nisameheni," nikasema. Lilikuwa neno la kweli, ila halikuwa la mtu waliyemdhani.

Mwenyekiti akasema jambo limekwisha kwa amani. Yule shangazi akasema, "Afadhali, maana tulianza kuzishuku bangili za watu bure." Bi Mwajuma alikuwa amekaa nyuma ya wote. Alinitazama mara moja.

Harusi ilikuwa kubwa. Sikualikwa, nilisikia matarumbeta.

Yaliyofuata ni mafupi. Wateja wangu wa Urambo waliacha kuniachia kitu, walikaa kigodani wakinitazama vidole, si moto. Baadaye wakaacha kuja. Yule wa Ziba alikuja mara moja, tukapatana bei bila kubishana, nikajua urafiki umekufa. Watu wakaanza kununua vya Dubai vilivyofungwa kwenye plastiki, vina karatasi inayosema ni nini, na karatasi haina mikono yenye mifuko. Nyinyi mlikuja mtaani wakati huo. Mlinikuta mzee anayekwangua kila kitu, hata hereni ya mtoto, hata kifungo. Mlinicheka. Wateja walidhani nakwangua ili nijipatie mavumbi.

Bi Mwajuma alifariki msimu wa mvua. Nilikwenda msibani, nikavua viatu, nikaketi mkekani pamoja na wanaume. Nilipokwenda kuwapa pole wafiwa, Mama Salha alitokea kwenye mlango wa uani, macho yamemvimba kwa kilio, akasema taratibu kabisa, "Hata msibani umekuja kupima?"

Nikamwambia Mungu amrehemu mama yako. Nikatafuta viatu vyangu. Aliyekuwa anajua amezikwa, na mimi nikisema sasa nitakuwa mwizi anayemsingizia maiti.

Mwezi uliopita, kibanda nimeshakifunga, mizani nimeshaiuza, Salha alinijia nyumbani. Amenenepa kidogo, ana mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni kwanza.

"Mama alisema nisikupe hata salamu," akasema. "Lakini shikamoo, babu."

"Marahaba."

Akavua bangili sita akaziweka kwenye kiti. Yeye si bibi yake, anazivaa kila siku, anafulia, anapikia, anafungia mtoto. Pembeni njano imekwisha. Wekundu umetoka kama goti lililochubuka.

"Mama anasema ndiyo ule wizi wako unaota tena," akasema. "Mume wangu hajaziona vizuri bado. Shangazi yake anakuja Idi. Nataka zipakwe nyeupe, juu, zote, uniambie nani atanipakia."

Nilizigeuza moja moja. Nilikuwa na maneno, mnajua mimi huwa nayo. Bibi yake hayupo wa kuaibika. Angalau huyu mmoja angejua. Lakini huyu mmoja ana shangazi anayekuja Idi, na binti mgongoni mwenye mikono midogo.

"Una ngozi ya kuwashwa?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Utawashwa. Kuna fundi Dar es Salaam nitakuandikia jina lake. Mwambie apake nje tu. Kwa ndani aache kama palivyo, asiguse."

"Kwa nini?"

"Nyeupe inawasha," nikasema.

Akazivaa, akanishukuru, akaenda. Hakuniuliza kama niliwaibia. Nadhani alikuwa na jibu tayari, akaona haya kuliuliza mbele ya mzee.

Hayo ndiyo ninayoyajua. Ya kupatri viungo kwa moto na kuvuta waya mtayapata kwenye simu zenu. Siku moja, mimi nikiwa nimekufa, mtaletewa bangili nyembamba nyeupe, zitoke kwa yule mtoto au kwa mwanawe, na mwenyewe atataka ziyeyushwe. Kutakuwa na watu wamekaa kwenye vigoda. Msiwashe moto. Geuzeni ndani, tafuteni nukta mbili, mkwangue hapo karibu, kidogo tu, mkiwa mmewapa mgongo.

Mtakuta wekundu. Msishangae mbele za watu.